Ukuta wa Duluti: kisa cha njia iliyofungwa Tengeru

Nyumba yenyewe ipo Tengeru, nje kidogo ya jiji la Arusha, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea Ziwa Duluti. Ukisimama barazani asubuhi unaliona ziwa likimeta katikati ya miti, na ukizunguka nyuma ya nyumba unauona Mlima Meru. Ilijengwa miaka ile Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilipokuwa Arusha na watumishi wake walipokuwa wakilipa kodi ya nyumba kwa dola. Mahakama ilifungwa mwishoni mwa 2015, na wenye nyumba za aina hiyo wengi wakabaki na vyumba vitano visivyo na mpangaji. Aliyeijenga hii akaiuza. Walioinunua ni mume na mke waliohama Njiro: mume ni mtumishi wa taasisi ya kikanda, mke ana kampuni ndogo ya kutembeza watalii, na wana watoto wawili wa shule ya msingi. Barabara ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru, kilomita 14 na kidogo, ilikuwa imekamilika, hivyo umbali wa mjini haukuwatisha tena.

Nimeanza na hayo kwa sababu kisa hiki, kila kinaposimuliwa vijiweni, husimuliwa kama habari ya tajiri aliyekuja kuwanyanyasa wanyonge. Sivyo nilivyokiona. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Niliitwa kwanza na upande wa wanakijiji, baadaye nikaketi na pande zote mbili, na wote wameridhia niandike mradi wasitambulike. Majina sikuyaweka, na mambo machache madogo nimeyageuza.

Kilichonunuliwa

Walinunua vipande viwili kwa wauzaji wawili. Cha kwanza ni kiwanja chenye nyumba, kilichopimwa, chenye hati, hakina shida yoyote. Cha pili wao hukiita kipande cha chini: kama robo ekari kati ya bustani yao na mpaka wa msitu. Hicho walikinunua mwaka uliofuata, baada ya dalali kuwaambia kwamba wakikipata watakuwa "wamefika ziwani".

Hawakufika ziwani. Duluti ni kasoko, yaani shimo la volkano lililojaa maji, na upande ule wa ziwa umezungukwa na msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Anayetaka kuufikia ukingo wa maji hupita getini na kulipa kiingilio kama mgeni mwingine yeyote, hata kama amelala mita mia mbili kutoka hapo. Na hata pasingekuwa na msitu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Robo ekari ile iliwasogeza karibu na alama za mpaka wa msitu, basi. Yote haya yangejulikana kwa kutembea mchana mmoja na ofisa wa misitu kabla ya kulipa hata senti.

Lakini tatizo kubwa la kipande cha chini lilikuwa karatasi zake. Kilikuwa bado ardhi ya kijiji, sehemu ya shamba la migomba na kahawa la ukoo mmoja wa Kimeru. Muuzaji alikuwa kijana ambaye baba yake alikwisha kufariki. Mirathi haikuwahi kufunguliwa, kwa hiyo hapakuwa na msimamizi, na mjane alikuwapo, na wadogo wawili wa kijana walikuwapo. Mkataba uliandikwa kwa mkono, mashahidi wakiwa marafiki wa kijana, na mwenyekiti wa kitongoji akaweka sahihi. Halmashauri ya kijiji haikukaa wala kuidhinisha chochote, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitaka iidhinishe uhamisho wa haki ya kimila. Sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji inathibitisha kwamba aliwaona watu wakipeana fedha. Haihamishi ardhi.

Nilipowaonyesha hilo, mume alinyamaza muda mrefu. Nyumba ya juu walikuwa wameikagua kwa wakili, kwa mpimaji, kwa utafiti wa hati ofisi ya ardhi. Kipande cha chini walikichukulia kama nyongeza ya bustani, na nyongeza ya bustani haikuitiwa wakili. Nimeliona hili kwa watu wengi wenye uwezo: wana uangalifu mkubwa kwenye kitu kikubwa, kisha wanaingia shimoni kwa kitu kidogo kilicho jirani yake.

Njia

Katikati ya kipande cha chini ilipita njia ya miguu. Watoto wa kitongoji cha upande wa pili waliitumia kwenda shule. Akina mama waliipita Jumamosi na mikungu ya ndizi kuelekea soko la Tengeru, na siku nyingine wakiwa wamebeba mizigo ya majani ya ng'ombe. Jumapili ilikuwa njia ya kanisani. Babu mmoja, ndugu wa baba wa yule kijana muuzaji, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, alisema aliipita akiwa amebebwa mgongoni na mama yake. Sina sababu ya kutomwamini.

Njia haikuonekana kwenye mchoro wowote, kwa kuwa hapakuwa na mchoro.

Kwa miaka miwili ya kwanza familia iliwaacha watu wapite. Kisha pampu ya maji ikaibwa, na baadaye televisheni, mara zote mbili wezi wakiingilia upande wa njia. Bodaboda nao walikuwa wamegundua kwamba njia ile inawaepusha na mzunguko wa barabara kuu, wakawa wanapita saa tano na saa sita za usiku, taa zikimulika madirishani. Mume husafiri sana. Mke alikuwa akibaki nyumbani na watoto na mlinzi mmoja mzee. Aliniambia kwamba ilifika mahali kila akisikia mlio wa pikipiki anakaa kitandani na simu mkononi hadi upotee. Naliandika hili kwa msisitizo kwa sababu kwenye vikao vya kwanza hakuna aliyetaka kulisikia. Hofu yake ilikuwa ya kweli, na ukuta ulizaliwa na hofu hiyo. Dharau haikuwamo.

Ukuta ulijengwa wakati wa likizo ya shule, wa tofali za saruji, na juu yake waya wa umeme. Shule zilipofunguliwa watoto wakaukuta. Kuzunguka kwa barabara ya vumbi kuliwaongezea karibu nusu saa, tena kwenye njia ya malori ya mchanga. Haikufika wiki mbili, usiku mmoja sehemu ya ukuta ikabomolewa. Asubuhi familia ikaenda polisi, vijana wawili wakakamatwa kisha wakaachiwa, na kuanzia hapo kila mtu Tengeru akawa na la kusema.

Vijana wale niliwaambia wazi, mbele ya wazazi wao, kwamba kubomoa mali ya mtu usiku ni kosa la jinai hata kama ukuta wenyewe umejengwa pasipostahili. Hawakufurahi. Lakini ningewadanganya kwa lipi? Upande wenye hoja nzuri ya ardhi ulikuwa karibu kuipoteza kwa nyundo ya saa nane za usiku.

Kwa nini babu hakutaka kusikia la fidia

Kabla ya kufika baraza la kata, familia ilijaribu kulimaliza kwa fedha. Walitoa ahadi ya kuchangia madawati ya shule na kumlipa babu kiasi fulani, njia ifungwe. Babu alikataa pale pale, na wao wakatafsiri kwamba anatafuta dau kubwa zaidi. Hapa ndipo nadhani walipotea kuliko mahali pengine popote, na inabidi kurudi nyuma kidogo.

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili mashamba yao wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, kwa michango ya watu wake, alisafiri hadi New York kuueleza Umoja wa Mataifa dhuluma hiyo. Haijalishi ukoo wa babu huyu haukuwa Engare Nanyuki. Kila nyumba ya Mmeru inaijua habari hiyo, na mtu wa umri wake aliikuta ikisimuliwa na waliohamishwa wenyewe. Wageni kuja na kukaa karibu na ziwa si jambo geni kwao: wakati wa Vita Kuu ya Pili kambi ya wakimbizi wa Poland, watu wapatao 5,000, ilijengwa hapa hapa Tengeru, na makaburi yao yanatunzwa hadi leo. Kinachouma ni njia kuzibwa na mtu mwenye karatasi. Babu aliposikia neno fidia hakusikia ukarimu. Alisikia kwamba jambo limekwisha kuamuliwa na anaitwa kuja kuchukua chake.

Yeye mwenyewe alilisema hivi kikaoni: "Mwanangu, mimi sikukuuzia. Utanilipaje kwa kitu ambacho sikuuza?"

Kisheria, sentensi hiyo ilikuwa nzito kuliko yeye alivyojua. Aliyeonekana mnyonge ndiye aliyeshika ufunguo. Kama ukoo ungekwenda kupinga mauzo ya kipande cha chini, kwa hoja ya mirathi peke yake, familia ilikuwa na uwezekano mkubwa wa kukipoteza chote, pamoja na ukuta, na kubaki inamdai fedha kijana ambaye alikwisha kununua pikipiki na kuiuza.

Sheria ilipoishia

Watu bado wanadhani baraza la kata linatoa hukumu ya ardhi. Tangu marekebisho ya 2021 haliwezi. Kazi yake ni kusuluhisha, na lina siku 30 za kufanya hivyo. Likishindwa linatoa uthibitisho, ndipo shauri liende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Familia ilikuwa tayari imemlipa wakili kwa ajili ya hatua hiyo ya pili. Yeye, kwa heshima kwake, aliwaambia ukweli: Sheria ya Ardhi inatambua haki ya kupita juu ya ardhi ya mwingine, njia iliyotumika kwa vizazi ina mashahidi kijiji kizima, na muda wa miaka 12 ambao mtu huwa nao kudai ardhi yake ulikuwa haujamkimbia mtu yeyote wa ukoo. Wangeweza kushinda jambo moja na kushindwa mawili. Isitoshe, ardhi yenye shauri hakuna benki itakayoipokea kama dhamana, na mke alikuwa anataka mkopo wa kununua gari la watalii.

Nilitarajia siku 30 zipite bure. Vikao viwili vya mwanzo vilikuwa vya kupigana maneno tu.

Kilichobadilisha hali ni mama mkwe wa yule mke, mama wa Kichagga aliyekuja kutoka Moshi kuwaona wajukuu. Alipoelezwa habari yote aliuliza swali moja tu: mmekwenda nyumbani kwake? Hawakuwa wamekwenda. Kwa muda wote waliokaa pale walisalimiana na babu kupitia dirisha la gari. Jioni hiyo mama mkwe akamchukua mkwewe, wakaenda kwa miguu. Mke akatoa shikamoo, babu akaitikia marahaba, wakakaribishwa ndani, bibi akaleta chai. Ukuta haukutajwa. Waliongea habari za kahawa, za ng'ombe mgonjwa wa bibi, na za miguu ya mama mkwe. Walipoaga, mke akasema, "Baba, mimi usiku naogopa." Babu akajibu kwamba hata yeye pikipiki zile zinamkera, na kwamba zamani hapakuwa na mtu wa kupita pale baada ya saa mbili isipokuwa mwenye mgonjwa.

Ni hapo tu ilipojulikana kwamba pande zote mbili zilikuwa na kero moja. Bodaboda.

Walichokubaliana

Makubaliano yaliandikwa mbele ya baraza la kata, na nitayaeleza kwa kirefu kwa sababu yanaweza kumfaa mtu mwingine mwenye shida kama hii, awe Duluti, Usa River au Ilboru.

Njia imesogezwa kutoka katikati ya kipande cha chini hadi pembeni, upande wa mpaka wa jirani, ikawa na upana wa mita mbili. Watu wanapita, bustani haikatwi katikati, na ukuta umejengwa upya ndani ya mstari huo. Kila mwisho wa njia pamesimamishwa nguzo mbili za zege zilizosogezwa karibu kiasi kwamba mtu mwenye mzigo wa majani kichwani anapita bila taabu, lakini usukani wa pikipiki haupiti. Nguzo hizo zilipimwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mama mmoja alipita na debe la maharage akakwama. Familia imeweka taa za jua tatu. Waya wa umeme umeondolewa upande wa njia, nami nililisisitiza mno hilo: ukuta wenye waya kando ya njia ya watoto ni jambo ambalo nisingeliwekea sahihi hata kama wengine wote wangelikubali.

Gharama ya ukuta uliobomolewa imegawanywa. Wazazi wa vijana wale wawili wametoa nguvu kazi, familia imetoa saruji. Malalamiko ya polisi yameondolewa.

Mume alihofia kwamba njia iliyoandikwa itapunguza thamani ya nyumba siku akitaka kuuza. Sikubaliani naye. Mnunuzi wa baadaye ataiona njia iwe imeandikwa au haikuandikwa, na swali lake la kwanza litakuwa kama kuna ugomvi. Njia yenye vipimo, nguzo na sahihi inajibu swali hilo. Ndiyo maana nilishikilia kwamba kipande cha chini kitakapopimwa, haki ya kupita ionyeshwe kwenye mchoro na iandikishwe pamoja na umiliki, imfunge atakayekuja baada yao. Bila hivyo, makubaliano haya yataishi muda uleule watakaoishi babu na familia hii wakiwa majirani.

Maji, ambayo hakuna aliyeyazungumzia

Kwenye vikao vyote hivyo lilikuwapo jambo moja lililonikosesha usingizi kuliko njia, na ilinibidi kulileta mwenyewe.

Karo la maji taka la nyumba ile, pamoja na shimo lake la kunyonya, vipo chini kabisa ya bustani, mahali penye mteremko. Duluti halina mto unaoingia wala unaotoka juu ya ardhi. Linaishi kwa maji ya chini ya ardhi, mvua, na yanayoteremka kutoka kingo zake. Kinachoingia mle hakina mahali pa kukimbilia. Ziwa lenyewe ni dogo, kama hekta 60 hivi, na nyumba kubwa zinaongezeka kila mwaka kwenye miteremko ileile kwa sababu yake. Kila moja ikishusha karo lake upande wa ziwa, basi watu wanalipia mandhari na kuyaharibu kwa wakati mmoja.

Upande wa pili wa jambo hilo ni kisima. Familia ilikuwa inapanga kuchimba kisima kirefu kwenye kipande cha chini ili iachane na maji ya bomba yanayokatika. Mbali na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, kuna floraidi. Maji mengi yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Meru yana floraidi nyingi, mara nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, na hiyo ndiyo inayowapa watoto wa huku meno ya kahawia na, ikizidi kwa miaka mingi, maumivu na kupinda kwa mifupa. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, si mbali na hapo, kimekuwa kikitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa kwa sababu hiyo. Watoto wa nyumba ile bado wanaota meno ya ukubwani. Niliwaomba wapime maji kabla ya kumlipa mchimbaji, na mke alikubali mara moja. Kuhusu karo, mume ameahidi kulihamishia upande wa barabara. Ni kazi ya gharama na hakuna mtu anayemlazimisha. Nimemwomba babu awe anamkumbusha, maana yeye anapita pale kila siku.

Palipobaki

Kipande cha chini bado si cha familia kwa maana kamili. Ukoo umekubali kwamba mauzo yaruhusiwe kusimama, lakini kwa utaratibu: mjane aombe usimamizi wa mirathi ya marehemu mumewe, halmashauri ya kijiji ikae na kuandika muhtasari, kisha upimaji ufuate. Mjane amekwisha kupeleka maombi mahakama ya mwanzo. Yule kijana ametakiwa aeleze mbele ya ukoo zilikokwenda fedha alizopokea, na sehemu ya mama yake na wadogo zake italipwaje. Kikao hicho kimeahirishwa mara kadhaa kwa sababu hatokei. Babu amesema hataweka sahihi kwenye karatasi yoyote ya kipande kile hadi kijana aje aketi mbele ya mama yake. Mume anaona hilo linamchelewesha kwa kosa lisilo lake. Namwelewa, lakini kwenye hili nimemwambia nipo upande wa babu.